Jukwaa Lisilopiga Makofi

Nasema tangu mwanzo kwamba sikwenda uwanjani kufurahi. Waliokwenda kufurahi walikuwa wengi, na ndio waliotuponza. Mimi nilikwenda kushuhudia hukumu. Nilivaa shati lililonyooshwa kwa pasi na tai ya shule yetu, nikakaa wima kama tulivyofundishwa kukaa bwaloni, mikono juu ya magoti, mgongo usiguse kiti. Kushoto kwangu alikaa Sangiwa, tuliyelala naye bweni moja, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Jukwaa letu lote lilikaa hivyo. Kwa waliotutazama kutoka ng'ambo nadhani tulifanana na picha ya darasa iliyopigwa zamani, ikatundikwa, ikasahauliwa.

Lazima nieleze kilichokuwa kikiamuliwa, maana wapo watakaosema kwamba tenisi ni tenisi tu. Katika nchi ile kulikuwa na namna mbili za kuucheza mchezo huo, na kila mtu alizaliwa, akafunzwa, akaoa na kuzikwa chini ya mojawapo. Namna ya kwanza iliitwa Ukuta. Mchezaji wa Ukuta husimama nyuma kabisa ya uwanja na kurudisha kila mpira unaomjia. Hapambi, hashambulii, hana haraka. Hurudisha mpaka mwenzake achoke, na mwenzake akichoka hukosea, na kosa hilo ndilo ushindi wake. Namna ya pili iliitwa Radi. Mchezaji wa Radi hupiga mara moja. Akipatia, mpira hauonekani tena; akikosa, hauonekani vilevile; na watu hushangilia yote mawili, kwa kuwa wameuona mkono ukipita hewani na macho yao yameshiba.

Aliyeshinda mashindano makuu alisimama mbele ya mwamuzi na kutamka kwa kinywa chake jina la mchezo alioushindia. Mchezo huo uligeuka sheria. Ule mwingine ulipigwa marufuku mpaka mashindano makuu yanayofuata, uwanjani, mahakamani, sokoni, hata mezani pa chakula. Chini ya Ukuta, Ikulu ilibanwa irudishe jibu kwa kila swali lililopelekwa kwake, hata liwe swali la mwendawazimu. Chini ya Radi, Ikulu husema mara moja, kwa sauti nzuri, na neno lake halirudishwi na mtu.

Nami nilikuwa na swali. Asubuhi moja tulikuta lango la shule yetu limechomelewa vyuma, kengele imeteremshwa, walimu wametawanywa kila mmoja kona yake. Kwa nini? Hilo tu. Nililipeleka Ikulu chini ya Ukuta, na Ikulu ikarudisha maneno mengi yasiyo na kitu ndani. Nikayarudisha. Wakayarudisha. Tukaenda hivyo mpaka nikaanza kuisikia pumzi yao ikikatika; walikuwa wakikaribia kukosea, na mwenye nguvu akikosea husema kweli kwa bahati mbaya. Mghoi, mchezaji wa Ukuta, akishinda siku ile, swali langu lingeendelea kuishi. Shadya wa Radi akishinda, lingekufa hewani, katikati ya safari. Nalitaja jambo hili waziwazi ili mtu asije akadhani kwamba hasira yangu ilikuwa ya mshabiki wa kawaida.

Mghoi ndiye aliyekuwa wetu. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye hatua ndogondogo za mtu anayefagia ua. Hakuwa na kitu cha kumtazama. Ulitazama mpira, ukaenda, ukarudi, ukaenda, ukarudi, na baada ya muda ukajua kwamba unatazama dhamiri. Shadya alikuwa wao. Mrefu, bangili hadi karibu na kiwiko, na kila alipoinua raketi bangili zile zilishuka kwa mlio mmoja na jukwaa la pili likapiga vigelegele kabla mpira haujaguswa. Kabla haujaguswa! Walishangilia ahadi. Nimeishi miaka mingi miongoni mwa watu wanaoshangilia ahadi, na bado sijaizoea aibu hiyo.

Juu ya kiti kirefu, kando ya wavu, alikaa mwamuzi. Sura yake sikuiona vizuri hata mara moja, kwa sababu jua lilisimama nyuma ya kichwa chake na halikuondoka hapo siku nzima, ikiwa ilikuwa siku.

Desturi ya mashindano yale ilikuwa kwamba wachezaji wakibadilishana upande, na mashabiki wabadilishane. Tuliinuka wote, jukwaa kwa jukwaa, tukapita katika ujia mwembamba chini ya kiti cha mwamuzi, sisi tukienda kule na wao wakija huku, mabega yakisuguana. Mchezo ukiendelea hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mtu wa upande mwingine. Ndani ya ujia ule kila neno liliruhusiwa, kwa sheria ya utani. Uliweza kumtukana mtu mama yake na baba yake naye akacheka, mradi akurudishie. Na jambo la pili lilitokea mle ndani, ambalo hakuna aliyelizungumza: tuliingia ujiani tukiwa na umri mmoja, tukatoka na mwingine.

Mara ya kwanza nilikutana mle na Bi Mwanaidi, shabiki mkuu wa Shadya, mwanamke wa sauti na miwani ya jua, akitafuna karanga kwa meno meupe yaliyopangika.

"Kaka tai!" aliniita. "Mchezaji wenu anapika maharage? Maana tumeloweka, tumebandika, tumechochea kuni, na bado hayajaiva."

Watu wake wakaangua kicheko. Sangiwa naye akacheka. Mimi nilinyoosha tai.

"Mjibu," Sangiwa alininong'oneza. "Ndiyo desturi, Kiranja. Asiyejibu utani huonekana ana kinyongo."

"Ninacho," nilimwambia.

Kiranja ndilo jina aliloniita tangu shuleni, maana nilikuwa kiranja mkuu, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo wala ya kulitaja kwa unyenyekevu. Nilipoinua mkono bwaloni, vijiko mia kadhaa vilinyamaza. Jukwaa letu siku ile lilijaa watu wa bwalo lile, na wengine wa mabwalo yanayofanana nalo, na wote walijua mkono wangu ulipokuwa. Ulikuwa juu ya goti.

Tulitoka upande wa pili wa ujia na nikaona mvi kwenye kisogo cha Sangiwa.

Seti iliendelea. Shadya alipiga mipira ambayo sikuiona, akapoteza mingine kwa upuuzi mtupu, na kwa yote mawili jukwaa lake lilicheza. Mghoi alirudisha. Alipopata pointi, aliipata kwa kosa la mwenzake, na jukwaa lile likazomea, kana kwamba amemwibia mtu mfukoni. Kuzomea! Mtu anayekimbia kutoka kona hadi kona, anayeufuata mpira ambao kila mwenye akili angeuacha, anayeuokota ukiwa umebakisha unene wa kucha kugusa ardhi, anazomewa na watu wanaokula karanga. Wakapiga miayo kwa makusudi, mmoja akianza na safu nzima ikimfuata. Wakaimba kwamba wanataka kulala. Nilihisi damu ikipanda hadi masikioni, na kadiri ilivyopanda ndivyo nilivyozidi kunyoosha mgongo.

Hapo Shadya akaufanya ule ujinga wake maarufu. Aliinua mkono kama anayetaka kuupasua mpira, Mghoi akarudi nyuma kuujongea ukuta, na Shadya, kwa ncha ya raketi, akaudondosha tu mpira nyuma ya wavu, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Uwanja mzima ulivuta pumzi. Kisha karibu na sikio langu la kushoto nikasikia sauti ambayo haikuwahi kusikika katika jukwaa letu.

"Umepiga makofi," nilimwambia Sangiwa.

"Mikono imeniponyoka."

"Mikono ya mwanamume aliyelelewa haimponyoki."

"Mpira ulikuwa mzuri, Kiranja. Tuache uongo. Ulikuwa mzuri."

"Uzuri huo ndio unaotufungia lango."

"Lango limefungwa tangu tuna nywele nyeusi!" alisema, na watu wa safu ya mbele wakageuka. "Nimekaa wima mpaka kiuno kimekufa. Wale pale wanacheka. Wakishindwa wanacheka, wakishinda wanacheka. Sisi tunapata nini?"

"Jibu."

"Lini?"

Nililiona swali lake kuwa la utovu wa nidhamu.

Wakati huo Mghoi alikuwa ameukaribia wavu kwa kuchelewa, ameshika magoti, jasho likimdondoka puani. Aliinua kichwa akatutazama. Hakumtazama mmoja wetu. Alilitazama jukwaa zima, taratibu, kutoka safu ya chini hadi ya juu. Tulimtazama pia. Hakuna aliyekohoa. Lilikuwa tendo la heshima kubwa, nami nilijivunia.

"Anataka kitu," alisema Sangiwa.

"Anataka kuona kwamba tupo."

"Anataka tumpigie kelele."

"Hapa si mnadani, Sangiwa."

Safu za mbele zilinigeukia. Niliyajua macho yale. Ndiyo macho ya bwaloni, wali umeshapakuliwa, njaa inauma, na sala haijasemwa. Kidole kimoja cha mkono wangu kingenyanyuka na jukwaa lote lingelipuka. Mkono wangu ulibaki juu ya goti. Nilitaka waelewe kwamba Ukuta una watu wake, na watu wa Ukuta hawanunuliwi kwa kelele wala hawanunui kwa kelele. Mghoi akainamisha kichwa, akarudi nyuma ya mstari.

Ujiani tena. Bi Mwanaidi hakuwa na karanga sasa. Alikuwa akimumunya peremende upande mmoja wa mdomo.

"Mzee wangu tai! Bado mpo? Nilidhani mmeshazikwa mkiwa mmekaa."

Safari hii hata watu wetu walicheka, kwa aibu, viganja vikiziba midomo. Nikampita, naye akanigeukia kwa sauti ya chini isiyokuwa ya utani hata kidogo. "Baba, mtu wenu anakufa pale uwanjani. Hata jina lake hamlitaji. Sisi wetu tunalitaja mpaka koo zinatoka damu."

Niliikataa huruma hiyo kama ninavyokataa rushwa.

Nawaza sasa, kama nilivyowaza nikiwa nimekaa upande ule mwingine, jua likiwa palepale: nguvu iko kwa nani? Kwa anayepiga? Anayepiga huwa na nguvu kwa muda ambao mpira uko hewani, baada ya hapo anangoja kama wote. Kwa anayerudisha? Anayerudisha hana nguvu hata hiyo. Anaishi kwa mapigo ya mwingine, na asipopigwa hana pa kusimama. Basi labda nguvu iko katika jicho. Labda nguvu ni ya yule aliyekaa, aliyelipia kiti, asiyetoka jasho, anayeamua kwa mguno wake kwamba hili lilikuwa tukio na lile halikuwa kitu. Nikilikubali hilo, nimekubali kwamba Ikulu, na lango, na kengele iliyoteremshwa, vyote vilisimamishwa na midomo ya watu kama Bi Mwanaidi. Nalichukia wazo hilo. Nililigeuza, nikalipima, nikalirudisha lilikotoka. Likarudi tena. Na kama nguvu ni ya jicho, jicho langu je? Lilikuwa likifanya nini muda wote huo? Likitazama. Kwa haki. Kwa usahihi. Likihesabu makosa ya wote na kutomtupia mtu hata punje ya sifa. Nani alisema kutazama kwa haki hakutoshi? Sangiwa alisema. Nani ni Sangiwa? Mtu wa kitanda cha juu, aliyekuwa akichelewa gwaride.

Pointi ya mwisho ilianza tukiwa wazee. Nalisema kama lilivyokuwa. Sangiwa alishika fimbo. Mghoi alikuwa na nywele nyeupe zilizofungwa kwa kitambaa, na bangili za Shadya zilikuwa zikining'inia kwenye mkono uliokonda. Shadya hakupiga tena radi. Hakuwa nayo. Alirudi nyuma, akasimama mbali, akaanza kurudisha. Aliurudisha mpira, Mghoi akaurudisha, na kwa mara ya kwanza tangu nchi ile iwepo, uwanja uliona wanawake wawili wakicheza Ukuta dhidi ya Ukuta. Jukwaa la Radi lilichanganyikiwa, lakini halikunyamaza. "Shadya! Shadya!" Walimwita kama watu wanaomwita mgonjwa asisinzie, naye kila alipoitwa alipata hatua moja zaidi.

Moyo wangu ulijaa. Tumeshinda, nilijiambia. Hata adui anacheza mchezo wetu. Sasa ni suala la pumzi, na kwa pumzi hakuna anayemshinda Mghoi.

Mpira ulimjia mrefu na mlegevu. Mghoi akapata nafasi. Badala ya kuutazama, alitutazama sisi.

Sitasema kwamba sikuuelewa mtazamo ule. Niliuelewa barabara. Ulikuwa ombi, nami nimefunzwa kwamba anayestahili haombi. Sangiwa aliinuka nusu, mdomo wazi, nami nikamshika mkono kwa nguvu nikamkalisha. Jukwaa letu lilikuwa tulivu kama chumba cha mtihani.

Mghoi akageuza uso. Akaja mbele. Aliuvuka mstari ambao maisha yake yote hakuwahi kuuvuka, akaenda hadi wavuni, akauinua mkono ule mfupi wa kufagilia, na akapiga mara moja.

Mpira haukuonekana tena.

Kisha ikaja kelele. Jukwaa la Radi lilisimama lote, watu waliokuwa wakimzomea tangu ujana wao, wakarusha leso, wakarusha kofia, wakalia. "Mghoi! Mghoi!" Bi Mwanaidi, asiyekuwa na jino hata moja, alikuwa akipiga vigelegele kwa ajili ya mtu aliyemshinda mtu wake. Shadya mwenyewe alikuwa akipiga raketi yake kwa kiganja. Mghoi alisimama katikati ya sauti ile akiwa amefumba macho, uso ameuinua, kama anayenyeshewa.

Sisi tulikaa.

"Ameshinda," mtu wa safu ya mbele aliniuliza, "au tumeshindwa?"

"Ameshinda," nilisema. "Pointi zote alizipata kwa Ukuta isipokuwa moja. Anajua deni lake kwa ukweli. Atalitaja jina sahihi."

Mwamuzi aliinama kutoka kwenye jua lake. "Umeshinda kwa mchezo gani?"

Mghoi hakufikiri hata kidogo. "Radi," alisema.

Ndivyo swali langu lilivyokufa. Vipaza sauti vikatangaza sheria papo hapo: kuanzia pumzi ile, neno likishasemwa limesemwa, na hakuna atakayelirudisha. Watu walishangilia sheria hiyo kama walivyoshangilia mpira.

Niliteremka ngazi. Magoti yalikataa, nikayalazimisha. Sangiwa alinifuata na fimbo yake, akiniita, "Kiranja, acha. Kiranja, twende nyumbani." Nilimsukuma mtu, nikamsukuma mwingine, mimi ambaye sikuwahi kuruka foleni ya chai. Niliufikia mlango wa chini, wanapotokea wachezaji, nikamkuta Mghoi anapita na taulo shingoni. Karibu naye alisimama mlinzi wa uwanja, mtu mnene mwenye filimbi kifuani.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Nchi nzima ilikuwa mkononi mwako. Shule yetu ilikuwa mkononi mwako. Tumekaa pale tangu tuna nywele nyeusi, hatukuondoka, hatukusinzia, hatukula. Kwa neno moja umetutupa kwa wale waliokuzomea. Kwa nini?"

Mghoi alisimama. Kwa karibu alikuwa na macho mekundu na mdomo uliopasuka kwa kiu. Alinitazama tai, kisha uso.

"Nilitazama juu," alisema. "Tangu nina meno yangu yote, kila nilipokwama, nilitazama juu. Mlikaa kama watu wanaonisimamia mtihani. Wale wakinichukia niliwasikia. Ninyi, mzee wangu, sikujua hata mnataka nishinde."

Akageuka, akaanza kwenda zake katika ukumbi mrefu uliokuwa nyuma ya mlango.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa refu, limepangwa, lina hoja ya kwanza na hoja ya mwisho, nalo lilikuwa na haki kwa kila namna. Nilifungua mdomo, na mlinzi akaniwekea kiganja kifuani, si kwa ukali.

"Limeshasemwa, babu," alisema. "Halirudishwi. Ndiyo sheria sasa. Nenda kapumzike."

Nilikitazama kiganja kile. Sijawahi kuvunja sheria. Nilizitii za shule, nikazitii za Ikulu hata nilipoidai maelezo, nikaitii ya Ukuta kuliko walioitunga. Mgongo wa Mghoi ulikuwa ukipungua kule ndani, mfupi, mpana, ukitembea kwa hatua zile ndogondogo, na mle kifuani mwangu zile hoja zote zilikuwa zimeungua, hakuna hata moja iliyobaki na umbo lake.

"Mghoi!" nilipiga kelele.

Sikuwahi kulitamka jina lile kwa sauti. Lilinikwaruza koo. Hatua zake zikasita.

"Mghoi! Kila mpira! Kila mpira tulikuwa na wewe!"

Watu waliokuwa wakicheza kwa furaha nje wakanyamaza na kugeuka. Mlinzi alikwisha kunishika kwapa kwa mikono miwili, filimbi yake ikinigonga kidevuni. Nyuma yangu Sangiwa alikuwa akilia, au akicheka. Kwa umri wetu ule haikuwa rahisi kutofautisha.

"Babu," mlinzi alisema, "unavunja sheria."

"Najua," nilisema, nikavuta pumzi nyingine.